Sifuri ya Mwenzake

Saa nne kasoro robo asubuhi, wenzake wengi wameshakwenda kuoga, lakini Tuomo Hyttinen bado yuko golini. Wachezaji watatu ambao hawamo kwenye kikosi cha Jumamosi wanampigia visahani vya mpira mgumu juu ya barafu, mfululizo. Anavizuia kwa gongo, kwa goti, kimoja kwa kofia.

"Babu, umelala?" anauliza mmoja wao.

"Nifunge basi, nitaamka."

Tuomo ana miaka thelathini na sita. Ni kipa wa akiba wa timu ya magongo ya barafuni hapa Iisalmi. Siku ya mechi huvaa vifaa vyote kuanzia shingo hadi vidole, hukaa mwisho wa benchi, na kazi yake ni kuwafungulia wenzake mlango wanapopokezana kuingia uwanjani. Msimu huu amekaa hivyo mechi arobaini na tatu. Hajacheza hata moja. Mshahara wake ni euro 1,900 kwa mwezi, na hapo halalamiki.

"Mlango naufungua vizuri kuliko mtu yeyote Ufini," anasema. "Hakuna aliyewahi kubanwa kidole."

Amepitia timu kumi na moja, hadi Hungaria na Ufaransa. Mwaka jana Wafaransa walitaka kumwongezea mkataba, akakataa, akarudi nyumbani kwa jambo moja tu.

Baba yake, Veikko, aliendesha mashine ya kulainisha barafu katika ukumbi huu miaka thelathini na mmoja. Mzee huyu hutazama michirizo inayochorwa na vyuma vya viatu mbele ya goli akakwambia kipa gani alisimama pale, na kama alikuwa na hofu. Lakini mwanawe hajawahi kucheza mechi ya ligi juu ya barafu hiyo.

"Nimefuta michirizo ya watoto wa watu wote," anasema Veikko, ukingoni mwa barafu na kikombe chake cha kahawa. "Ya wangu bado. Na moyo wangu huu, daktari hausifii."

Jumatano iliyopita nafasi ilikuja yenyewe. Timu ilikuwa inaongoza saba bila, dakika sita zimebaki. Kocha akageuka, akamwonyesha Tuomo goli kwa kidevu. Kule juu jukwaani Veikko alikuwa ameshasimama.

Tuomo akatikisa kichwa kukataa.

Aliyekuwa golini ni Eetu Rautio, kijana wa miaka ishirini na miwili ambaye hakuwa amewahi kumaliza mechi ya ligi bila kufungwa. Makipa wawili wakigawana mechi, sifuri hiyo ya kutofungwa haiandikwi kwa jina la yeyote kati yao.

"Sifuri ya mwenzio huiingilii," anasema Tuomo. Anachezea kamba ya glavu. "Lakini nilitamani, bwana. Nilitamani mpaka magoti yakauma."

Baba yake alimngoja nje kwenye gari, baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.

"Mjinga wewe," alimwambia. "Nimesimama mpaka walio nyuma wakanizomea."

"Ungekuwa wewe ungeingia, baba?"

"Ningeingia mbio."

Kisha mzee akazunguka gari, akamfungulia mwanawe mlango. Tuomo anasema hajawahi kufanyiwa hivyo na baba yake tangu azaliwe.

Jumamosi ni mechi ya mwisho ya nyumbani, na mkataba wake unakwisha Aprili. Eetu mwenyewe amemwendea kocha, akaomba apumzishwe ili Tuomo adake. Kocha hajajibu. Timu bado inazihitaji pointi, na kocha naye ana kibarua chake cha kulinda.

"Nikipangwa tukafungwa kumi, sawa," anasema Tuomo. "Ninachotaka filimbi ya mwisho ilie, mashine ichelewe kidogo, mzee ashuke asome."

Mazoezi yamekwisha. Mashine inaingia, na Tuomo anaipisha huku akiangalia nyuma. Michirizo yake ya asubuhi nzima inafutika kwa mzunguko mmoja.

Veikko yuko pale pale ukingoni, lakini amegeuzia barafu mgongo.

"Ya mazoezi siisomi," anasema. "Nangoja ya Jumamosi."