Binti wa Felista

Usiku ule nililala na kinyongo, na wala sikukionea haya. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno, kikundi chetu kicheze ngoma mbele ya kijiji kizima, na mimi nilikuwa nimeshamwandalia Felista aibu yake.

Felista ndiye aliyesimama matangani kwa Bibi Mbeleje, mwalimu wetu wa ngoma, udongo wa kaburi haujakauka, akasema mimi ndiye niliyemroga bibi wa watu ili nirithi nafasi yake mbele ya mstari. Mimi! Niliyemwogesha na kumnywesha uji mpaka siku anakata roho. Tangu hapo wapo watu hawanywi maji nyumbani kwangu.

Sasa binti yake, Sechelela, anacheza kwangu. Watoto sisi hatuwafundishi kwa mdomo. Mtoto anasimama nyuma, anatazama visigino vya aliye mbele yake, basi. Niliwanong'oneza wenzake: ngoma ikikolea tutageuka kulia ghafla, yeye asiambiwe. Abaki peke yake anatikisa mabega kama mwehu, mama yake akiona. Wale mabinti walicheka, wakaniahidi. Nikaenda kulala nimeridhika.

Nikajikuta shambani, uwele umeshavunwa, jua la utosi. Bibi Mbeleje amekaa juu ya kichuguu, ngoma kaibana mapajani, kavaa ile khanga tuliyomzika nayo. Sikuogopa. Nilifurahi, nikajua amekuja kunisaidia. Akapiga. Mimi nacheza, njuga zinaitikia miguuni, na nyuma yangu nawasikia watoto. Halafu shamba si shamba tena, ni uwanja wa kanisa, watu wamejaa, ila hakuna hata anayekohoa.

Nikasikia kishindo. Nageuka, Sechelela yuko chini. Aliye mbele yake kamtega mguu. Anainuka, anajipangusa vumbi, naye anamtega wa nyuma yake. Na huyo anamtega wa nyuma yake, mstari mzima, hadi vitoto visivyojua hata kujifunga khanga, na kila mmoja anacheka. Kicheko ni changu. Haki ya Mungu, ni changu kabisa.

Ngoma ikanyamaza.

"Wamekufuata vizuri," Bibi akasema.

Nikalia kwa hasira. "Bibi, Felista kasema nimekuroga! Waambie watu! Au nipe ruhusa nimkomeshe!"

"Nilikufa kwa kifua. Wewe unajua, na mimi najua." Anatema mate mchangani, kama alivyozoea akichukizwa. "Kumwangusha mtoto wa mtu, Yudita, hicho ni kisasi cha mvivu."

"Sasa nifanyeje? Nimsamehe?"

"Nani kasema usamehe?"

Anacheka. Enzi za uhai wake naye hakuwa mtu wa kusamehe ovyo ovyo. Mara yuko karibu yangu, hata nanusa ugoro wake.

"Mpe yule mtoto kila nilichokupa. Acheze kama wewe. Aamkie wakubwa kama wewe. Asimcheke mwenzake akikosea, na wewe usicheke, maana anakutazama. Popote atakapopita watu waseme, huyu kalelewa na Yudita. Felista akae hapo hapo, ayasikie, na akose pa kushtaki."

Nikataka kumshika mkono, nikashika blanketi. Kumekucha. Hasira ilikuwepo bado, nisikudanganye, ila sasa ilikuwa imepata kazi.

Kabla ya ibada niliwaita mabinti wote. Nikasema mbele yao, na Sechelela akiwepo, "Lile nililowanong'oneza jana lilikuwa baya. Nimekosea mimi mkubwa. Hakuna kugeuka kulia, na asiwepo wa kumcheka mtu." Wakaangalia chini. Yule aliyecheka sana jana akaanza kulia, nikamwacha alie.

Nikamshika Sechelela mkono, nikamtoa mwisho wa mstari, nikamsimamisha nyuma yangu kabisa, mahali nilipokuwa nasimama mimi Bibi alipokuwa hai. Mtoto akarudi nyuma hatua moja.

"Mama kasema nisikukaribie sana," akanong'ona.

"Sogea, mwanangu," nikamwambia. "Mama yako nimemwekea kiti cha mbele."