Kiti cha Dobi

Mjane alipomaliza kumzika mumewe, wakweze walibeba kitanda, wakabeba kabati, wakarudi wakabeba na redio. Mashua wakaiacha. Si kwamba roho ziliwauma. Mashua ilikuwa imeandikishwa klabu, na klabu ina sheria zake. Kitu chenye sheria hakibebwi kichwani kama godoro.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi, hata mtoto angeielewa. Kila mashua ya klabu ina viti. Kiti hapo si ubao wa kuwekea makalio, ni fungu la mtu ndani ya mashua. Mwenye kiti akifa, mrithi wake anatakiwa kukikalia katika shindano moja kabla msimu haujaisha, tangu filimbi ya kuanza mpaka mstari wa kumalizia. Asipofanya hivyo, kiti kinarudi kwa aliyebaki. Mashua hii ilikuwa na viti viwili: cha marehemu, na cha mdogo wake, ambaye ndiye nahodha. Na msimu ulikuwa umebakiza shindano moja tu.

Mjane alikuwa dobi wa hospitali. Siku nzima yuko kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, mvuke umejaa hadi kuta zinatoka jasho, anavuta mashuka yaliyolowa kutoka kwenye mashine ambazo nusu yake zilishajifia. Ukivuta mablanketi mabichi miaka yote hiyo, mikono yako inakuwa si ya kuchezewa. Mwili nao alikuwa nao, tena wa kutosha. Watu wote walimwita Dobi, mpaka mama mkwe wake, ambaye angeweza kumwita mwanangu lakini hakuona sababu.

Dobi hakuipenda mashua ile. Aliitaka. Siku za kazi ilivusha watu na mizigo ng'ambo ya ziwa, na nusu ya kilichoingia ndiyo iliyomweka binti yake shuleni. Ama marehemu, hakuwahi kumpandisha humo hata siku moja. Alikuwa akisema mashua si mahali pa soga. Dobi alimlilia mumewe vizuri tu, lakini kwa neno hilo hakumwaga chozi.

Basi akaenda kwa shemeji yake uani. Akamkuta anakwangua ubavu wa mashua, pembeni wapo mabaharia wake wawili: Kijiti, mwembamba mwenye kazi ya kushika kamba ya tanga, na Welda, mtu wa kuchomelea mageti, mzito, mwenye kovu la moto shavuni. Wifi yake naye alikuwa kizingitini anachambua mchele, masikio nje nje.

"Nimekuja kwa habari ya Jumapili," Dobi akasema. "Napanda."

Shemeji hakuinua kichwa. "Umewahi kupanda hata mtumbwi, shemeji?"

"Bado."

"Basi kaoshe mashuka ya wagonjwa. Upepo wa Jumapili hautaki wapishi."

"Mimi si mpishi."

"Huyu akikaa upande mmoja tunazika wanne," wifi akasema, bila kuacha kuchambua. "Kaka mwenyewe alimwona hafai, sembuse sisi."

"Kaka yako hakunipandisha kwa sababu alijua nitaona anachofanya ng'ambo," Dobi akamjibu. "Chambua mchele."

Hapo ndipo Welda alipomtazama Dobi kutoka juu mpaka chini, pole pole, kama mtu anayepima chuma. Akamvuta nahodha pembeni, wakanong'ona. Shemeji aliporudi alikuwa na sura nyingine kabisa.

"Haya," akasema. "Jumapili asubuhi. Usichelewe."

Mtu anayekuchukia akikukubalia haraka, jiulize. Dobi alijiuliza njia nzima, asipate jibu.

Jibu alilipata ufukweni. Upepo ulikuwa umeamka na hasira, ziwa limejaa mapovu meupe, matanga yanapigapiga mpaka watu wanasemeshana kwa kupayuka. Kwanza Welda alimpa jaketi la kuokolea. Kisha akatoa sweta la sufu kutoka kwenye ndoo, linachuruzika maji, akamwambia alivae chini ya jaketi.

"Mbona limelowa?"

"Ndiyo kazi yake. Sufu ikilowa inakuwa nzito. Upepo wa leo unataka uzito."

Dobi akalishika lile sweta, akalipima mkononi. Uzito wa vitu vilivyolowa hakuna wa kumfundisha. "Kwa hiyo mmenichukua niwe gunia la mchanga."

"Gunia halina mdomo," Kijiti akasema. "Tungelipata, tungelichukua hilo."

Akalivaa. Baridi ilimkata mpaka mbavuni, lakini hakuwapa raha ya kumwona anatetemeka.

Filimbi ikalia, wakaenda. Njia ya shindano ilikuwa hivi: kupanda kinyume na upepo mpaka boya la mbali, kukata kwenda boya la pili, kisha kurudi nyumbani upepo ukiwasukuma mgongoni. Huko kwa kupanda ndiko kwenye shughuli. Mashua hulala ubavu ikataka kupinduka, na watu wote hukaa ukingoni upande wa juu, miguu wameichomeka chini ya mkanda uliopigiliwa sakafuni, viwiliwili vinaning'inia nje juu ya maji. Mashua ikigeuza, wote wanainama, wanapita chini ya mti wa tanga, ule uliolazwa kushikilia tanga kwa chini, wanakwenda kuning'inia upande wa pili.

Mara ya kwanza ilipogeuza, Dobi hakuinama vya kutosha. Mti wa tanga ukampiga begani, akaona nyota mchana.

"Kichwa," nahodha akapayuka.

"Ni bega."

"Ungeinamisha kichwa, bega lingefuata."

Mara ya pili aliinama vizuri, ila akaenda kukaa juu ya mkono wa Welda. Welda alimtukania ukoo mzima, waliokufa na waliohama. Mara ya tatu mguu wake ulikosa mkanda, nusura aondoke na wimbi. Welda akamdaka kola ya jaketi na kumrudisha, si kwa upendo, bali kwa sababu uzito ulikuwa unakwenda na maji.

"Huyu atatuua," Kijiti akasema.

"Atatuua baada ya boya," nahodha akajibu. "Kwa sasa mbonyeze chini."

Maji yalimpiga usoni mpaka puani. Akatema, akafuta macho, akaanza kuwatazama wenzake badala ya kutazama ziwa. Akaona kwamba kabla nahodha hajatamka kugeuza, Kijiti hulegeza kiwiko. Kwenye chumba cha mashine, shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Unamtazama mwenzio viwiko, si mdomo, la sivyo shuka inaanguka sakafuni unaifua upya. Tangu hapo Dobi akawa anatazama kiwiko cha Kijiti. Mashua ikigeuza, tayari yuko ng'ambo, ananing'inia na sweta lake kama mzigo uliofungwa na mtu ajuaye kufunga.

Hakuna aliyemsifu. Walipofika boya la mbali walikuwa wa kwanza, na hakuna aliyemsifu. Boya la pili vilevile. Nahodha alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. Maisha yake yote alikuwa amekaa nyuma ya kaka yake kwenye mashua hii; kaka ndiye aliyenyanyua kombe, yeye akibeba kamba. Leo kombe aliliona kwa macho yake.

Wakalizunguka boya hilo la pili, upepo ukahamia mgongoni. Ghafla kukawa kimya. Mashua ikasimama wima, tanga likafunguka likajaa, wakaanza kuteleza kuelekea ufukweni. Dobi akashusha pumzi, akarudi ndani. Hapo Welda akaketi ukingoni, akawapungia mkono, akajiangusha majini chali.

"Mtu ameanguka," Dobi akasema.

"Hajaanguka. Ameshuka," nahodha akasema. "Upepo ukiwa nyuma, uzito ni breki. Tazama wenzetu."

Dobi akatazama nyuma. Kweli, kila mashua iliyozunguka boya ilikuwa inamwaga watu. Vichwa vilielea huku na huku, na boti ya injini ya klabu ilikuwa inapita kuviokota kama mtu aokotaye vyombo baada ya karamu.

"Ruka, shemeji. Jaketi unalo. Wanakuokota sasa hivi."

Ndipo Dobi akaelewa kilichonong'onwa uani. Wamtumie wakati wa kupanda, wamtupe wakati wa kushuka. Wapate kombe, na kiti kirudi kwao, kwa mpigo mmoja.

"Na kiti changu?"

"Kiti gani?"

"Usijifanye hamnazo. Sheria inasema mpaka mstari. Nikishuka hapa, sijakalia kitu."

"Hayo tutayaongea nyumbani."

"Nyumbani ndiko mlikochukua kitanda."

"Shemeji, tunapitwa."

Ni kweli walikuwa wanapitwa. Mashua ya tanga la njano ilikuwa imeanza kuwanyemelea, ndani wamebaki watu wawili, imeelea juu kama ganda la yai. Dobi akachomeka miguu chini ya mkanda, magoti akayabana, akashika ubao wa katikati kwa mikono yote miwili.

Mpango wa wale wanaume ulikuwa na tundu moja. Walidhani mwanamke akiambiwa ruka katikati ya ziwa, ataruka. Hawakuwaza akikataa itakuwaje. Welda, mwenye nguvu za kumnyanyua, alishaondoka na maji. Nahodha mkononi ana usukani, Kijiti mkononi ana kamba ya tanga, na hakuna hata mmoja anayeweza kuachia mashua isizunguke. Wakabaki na midomo.

Midomo waliitumia. Nahodha alimwita mchawi aliyemla kaka yake. Kijiti akasema ndiyo maana marehemu alikuwa halali nyumbani. Dobi aliyasikia yote, akayameza na maji yaliyokuwa bado kooni.

"Umesikia, Dobi? Toka."

"Nimesikia. Wewe mwembamba unayejifanya mwepesi, ruka wewe, nipe hiyo kamba."

"Kamba hii utaijulia wapi?"

"Basi nyamaza uishike."

Shemeji uzalendo ukamshinda. Akanyoosha mguu kutoka alikokaa, akaanza kumpiga teke la vifundoni ili miguu itoke kwenye mkanda. Teke la kwanza, Dobi akauma meno. La pili likampeleka nahodha mwenyewe mrama, usukani ukamponyoka, mashua ikajipinda, tanga likahama upande kwa kishindo na kukosa kichwa cha Kijiti kidogo tu. Kabla hawajaiweka sawa, tanga la njano likapita. Nahodha wake, mwalimu wa hesabu mwenye kitambi, akawapungia mkono kwa adabu. Nyuma yake ikapita nyingine.

"Shika usukani, nahodha," Dobi akasema. "Mimi siendi popote."

Shemeji alikuwa na machozi, ya upepo au ya kombe, hilo ni lake. Dobi akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, akae wapi asiizuie sana mashua. Nahodha akazidi kukazana na usukani.

"Katikati," Kijiti akasema, macho kwenye tanga. "Nyuma kidogo. Hapo."

Akasogea hapo, bila kutoa miguu kwenye mkanda mpaka alipohakikisha mkono mmoja umeshika vizuri. Wakavuka mstari wakiwa wa tatu.

Ufukweni wifi aliwapokea maji yakimfika magotini, na gauni lake la sherehe. "Umeridhika? Umemzika kaka yangu, sasa umemzika na huyu."

"Huyu mbona anapumua," Dobi akasema. Sweta lilimgandia mwilini, vifundo vimeanza kuvimba.

Mwamuzi wa klabu akaja, kofia mkononi kwa sababu ya upepo. Kwa sheria yao, nahodha ndiye anayetamka waliomaliza ndani ya mashua, na neno lake ndilo linaloshika.

"Waliomaliza?"

"Wawili," wifi akasema.

"Namuuliza nahodha."

Shemeji alitazama mchanga. Dobi akaminya maji kwenye pindo la sweta. Alijua hapo mdomo wake hausaidii. Kumbe mwalimu wa hesabu na mabaharia wake walikuwa wameshasogea, na wengine nyuma yao, wanakausha vichwa kwa mataulo huku wametega masikio. Wote walikuwa wameona. Nahodha akitamka wawili mbele ya watu hawa, hakuna ufukwe wa ziwa lile ambao angeweka tena mguu bila kuchekwa, na klabu ingemfungia.

"Watatu," akasema.

"Nani na nani?"

"Mimi. Kijiti." Akapangusa pua. "Na mke wa kaka."

"Kwenye kiti cha nani?"

"Cha kaka."

"Kuanzia leo ni cha nani?"

"Si umeshasikia."

"Sijasikia. Kuanzia leo ni cha nani?"

"Chake," shemeji akasema, akatema mate pembeni. Wifi akamgeukia kama aliyepigwa kibao, kisha akaondoka zake, gauni linaburuta maji.

Boti ya injini ikamshusha Welda, midomo imemgeuka rangi kwa baridi. Alikuja mbio mbio anacheka. "Tumelichukua?"

Akawatazama mmoja mmoja mpaka akafika kwa Dobi, na kicheko kikamwishia usoni.

Ilibaki kuitoa mashua majini na kuipeleka bandani, kazi inayotaka watu wanne, kila mmoja pembe yake. Dobi akaenda kwenye pembe ya nyuma, akainama, akashika. Wanaume walisimama. Hakuna aliyetaka kubeba kitu pamoja naye, na watatu hawakuiweza.

"Mnainua," akawauliza, "au niwaite wa tanga la njano waje kunisaidia mashua yangu?"

"Nusu yako," shemeji akasema.

"Basi shika nusu yako."

Shemeji akakunja suruali, akaingia majini upande wa pili, uso ameuelekeza ng'ambo ili asimwone. Kijiti akafuata, kisha Welda. Wakainua.