Wando wa Mzee Kibwana

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kaptula ya kaki iliyonipwaya, na nyundo. Haikuwa nyundo ya misumari. Usoni ilichongwa alama ya serikali, nasi walinzi wa misitu tuliigonga kwenye kitako cha kila boriti ya mkoko iliyokatwa kwa kibali. Boriti isiyo na chapa ilihesabiwa ya wizi. Bwana Misitu, Mwingereza mrefu aliyekuwa mkuu wetu, alinitazama pale Kibiti akaniuliza, "Unajua kuogelea?" Nikajibu, "Ndiyo, Bwana." Mimi mtoto wa wakulima wa Mtunda, maji niliyoyajua ni ya mtungini.

Wakanipeleka Maparoni, ndani kabisa ya delta. Ninyi mnaofanya kazi hii kwa boti ya mashine mngelia. Tulipiga kasia na kutembea kwenye tope la magoti, tukihesabu boriti kwa korija, yaani ishirini ishirini, na mlinzi asiyejua kutofautisha mkandaa na msinzi, mikoko ya aina mbili, alichekwa na wakataji mchana kutwa. Mimi nilichekwa mpaka nikazoea. Aliyenihurumia akanifundisha miti ni Mzee Kibwana, na yeye wala hakuwa mkataji. Alikuwa fundi wa wando.

Wando ni uzio wa fito zilizofumwa kwa kamba, unaosimamishwa mdomoni mwa kijito. Maji yakijaa hupita juu yake na samaki huingia. Yakipwa, maji hutoka katikati ya fito na samaki hubaki ndani. Kijito cha Mzee Kibwana kilikuwa nyuma ya nyumba yake. Yeye, mkewe Bi Tatu na watoto wao walikula humo kamba, kaa na samaki, na jirani aliyekosa kitoweo alikwenda huko huko na kapu lake.

Basi, mwaka mmoja katika ile miaka ya mwisho ya Mwingereza, meli ilipasukia mwambani nje ya mlango wa mto. Ikamwaga mafuta mazito, meusi, yanayonata. Tulianza kwa kusikia harufu. Kisha ndege wakaja pwani wakitembea, hawawezi kuruka.

Kilichotutisha zaidi ni mpunga. Mashamba ya delta hunyweshwa na bahari yenyewe: ikijaa, huyarudisha nyuma maji matamu ya mto, yakapanda kwa mkondo mkubwa hadi majarubani. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi, lilikuwa linakaribia. Mafuta yangepanda nayo, na kijiji kizima kisingevuna.

Jumbe wa kijiji akaita watu, wakaafikiana kuziba midomo ya vijito na ya mkondo. Walihitaji fito nyingi. Sajini wa walinzi, mkubwa wangu, akaja kwa mtumbwi akasema, "Pasipo kibali hakuna mti utakaoanguka. Subirini Bwana Misitu arudi safari." Akageuza mtumbwi. Nikaiweka nyundo chini, nikawaambia watu wakate.

Tulianza na kijito cha Mzee Kibwana kwa sababu kilikuwa karibu zaidi na bahari, na wando wake ulikuwa umesimama tayari. Tukauongeza fito, tukaujaza mabua ya mpunga hata mkono usipite. Kazi safi. Ila mafundi wale walikuwa wamefuma nyando maisha yao yote, na mikono ikafuata mazoea: wakauacha wando na kimo chake kile kile, kimo cha kupitisha samaki. Maji yalipojaa, mafuta yakaelea yakapita juu yake mbele ya macho yetu. Yalipoanza kupwa, mabua yakayazuia mafuta yote ndani.

Nilimwendea Mzee Kibwana.

"Tuufungue, Mzee. Yatatoka na maji."

"Yatoke yende wapi, mwanangu?" Akaonyesha kwa kidevu mdomo wa mkondo mkubwa, uliokuwa ng'ambo tu. "Maji yakijaa tena, yatapanda kule. Na kule hatujaziba."

Bi Tatu alikuwa kwenye tope, kapu la kaa mkononi. "Baba Hadija, na sie tutakula nini?"

Mzee akalitazama kapu lile. "Tutakula watakachokula wenzetu." Kisha akawageukia vijana. "Upandisheni kimo. Na matundu yaliyobaki, zibeni."

Niliumia, nasema kweli. Alijua anachokiua.

Mkondo mkubwa tuliukinga kwa mafungu ya matete yaliyoungwa kwa kamba yakaelea, yapande na kushuka na maji. Wanaume kwa wanawake walisimama majini hadi kifuani wakiyasukuma mafuta nyuma kwa makuti. Ngozi zilitoka malengelenge. Bamvua likaja, likapita, mpunga ukapona.

Kijito hakikupona. Kaa walipanda mikokoni kuyakimbia mafuta, wakafia huko huko juu. Majani yakafuata kupukutika.

Bwana Misitu alipofika alikuwa na leso puani. "Nani aliruhusu miti ikatwe?"

"Mimi, Bwana."

Akakitazama kijito. "Mshukuru Mungu. Kijito kimoja si hasara kubwa."

Nilihamishiwa bara kuhesabu magogo ya mninga, kisha vituo vingine ambavyo havina cha kusimulia. Nilirudishwa Maparoni uzeeni, Mwingereza keshaondoka. Nilipanda miche ya mikoko katika kijito kile msimu baada ya msimu. Ilikufa yote. Nikastaafu kwa hotuba na saa ya ukutani.

Mavuno yale ya kwanza baada ya mafuta, kila nyumba ilimpelekea Mzee Kibwana fungu la mpunga, uani pakajaa. Mwaka uliofuata waliopeleka walipungua. Waliozaliwa baadaye hawajui hata kwa nini wazee wao walikuwa wakipeleka. Yeye amekufa zamani, hakufuma tena wando. Sasa napeleka mimi, mchele badala ya mpunga.

Mwaka huu pia nilikwenda. Bi Tatu aliupokea mchele, akauchota kiganjani akaunusa.

"Ahsante, baba. Mchele mzuri." Akaangalia nyuma ya nyumba, kule kijitoni, kwenye visiki vya mikoko. "Wali hatujaukosa hata siku moja. Kitoweo je?"