Nilivyotumwa kukagua ushuru wa soda Ujiji nikaishia kupimwa sukari

Wakuu, poleni na majukumu. Kisa hiki ni changu mwenyewe, na nikitia chumvi hata chembe, nikose samaki wa mgebuka mwaka mzima.

Mimi ni afisa afya, mtu wa Moshi, kazi imenileta Kigoma Ujiji. Huku soda ziliwekewa ushuru sokoni ili watu wapunguze sukari. Bosi akanituma nyumba kwa nyumba, kata za Kasingirima na Katubuka, nione kama wamepunguza kweli.

Mwenzenu nilikuwa na hofu yangu. Marehemu baba alikatwa mguu kwa kisukari, na mimi daktari alishanionya kwamba sukari iko mpakani.

Nyumba ya kwanza, kwa Mama Zaituni. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Nikauliza habari za soda.

"Aa, tumeacha mwanangu. Bei imepanda, wajukuu wanakunywa maji."

Safi! Nikaandika huku natabasamu. Kuinua kichwa, mbele yangu kuna soda ya baridi, imeshafunguliwa.

"Mama, si mmeacha?"

"Sisi tumeacha. Wewe mgeni."

Nikamwambia maji yananitosha. Uso ukabadilika.

"Mgeni wa serikali atoke kwangu na maji? Majirani watanisemaje?"

Nikanywa. Ningefanyaje?

Wakuu, kila nyumba ikawa hivyo hivyo. Ushuru umeipandisha soda cheo: zamani ilikuwa ya kila mtu, sasa ni ya mgeni tu. Na mgeni wa mtaa mzima ni mimi na faili langu kwapani.

Baada ya siku kadhaa nikashikwa na kiu isiyoeleweka. Nikaenda kupima. Nesi akatazama kipimo, kisha akanitazama mimi.

"Afisa, mtaani wamepunguza. Umebaki wewe."

Nilicheka, ila njiani nikamkumbuka baba, nikaogopa kweli.

Kesho yake nikarudi kwa Mama Zaituni, nikamweleza yote. Akashika kiuno.

"Si ungesema! Mimi mwenyewe nina sukari. Unadhani nilipenda kuifungua ile?"

Akaleta kahawa chungu, tukanywa wote wawili, tukacheka mpaka jirani akachungulia.

Ripoti nimeandika: soda imepungua majumbani, wakaguzi wako hatarini. Bosi kauliza kama natania.

Nilichojifunza ni kwamba mwenye nyumba havunjiwi heshima ukimwambia unaumwa. Lakini nisaidieni, wakwe nao nawaambiaje? Jumapili nakwenda kujitambulisha, na nasikia kreti ya soda imeshanunuliwa.