Nani Kafunga Tairi Hili?

Ukipita mtaani kwao Jumamosi asubuhi utamkuta amepiga magoti kwenye saruji, kitambaa kichwani, gari limeinuliwa upande mmoja kwa jeki na mawe yamesukumizwa nyuma ya magurudumu. Wapita njia nao hawaachi neno likapita. Atasimama mmoja aulize, "Mama Keki, kwani nyumba hii haina mwanamume?" Naye bila kuinua uso atajibu, "Inaye, ndiye huyo anayenizibia mwanga. Sogea kidogo." Basi huyo atasogea akicheka peke yake, na kazi itaendelea.

Jina la Mama Keki amelipata kwa kazi yake. Anaoka keki za harusi na za siku ya kuzaliwa, kwenye jiko lenye oveni mbili na meza ndefu ya bati ambayo huisugua mpaka unaweza kujitazama. Mumewe alipofariki alimwachia gari dogo jeupe, limechoka lakini linatembea, na gari hilo ndilo miguu ya biashara. Keki ya ghorofa tatu huwezi kuipakia kwenye pikipiki, na ndani ya basi utashuka na makombo. Bila gari, hana kazi. Hilo alilijua yeye, alilijua na kaka yake mkubwa, lakini kaka mtu tangu msiba wimbo wake ulikuwa mmoja: gari liuzwe. "Mdogo wangu, mafundi watakumaliza," alikuwa akimwambia. Na hapo kwenye mafundi, tuseme ukweli, hakutia chumvi.

Gereji ya kwanza alikwenda na pancha tu. Pancha, hakuna zaidi. Akaonyeshwa kiti cha plastiki asubiri. Fundi akalizunguka gari akitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, kisha akamwita aone chuma fulani kilichojaa vumbi. "Unaiona hii? Hii imekufa." Mama Keki hakuona chochote, angejuaje iliyo hai inafananaje? Akarudi nyumbani pancha imezibwa na vitu kadhaa vimebadilishwa. Siku chache baadaye akafungua buti, akakuta tairi lake la akiba, ambalo lilikuwa halijagusa barabara hata mara moja, limekuwa kipara. Aliporudi kuuliza, kila fundi alimtazama mwenzake. Hakuna aliyejua lolote. Labda tairi lilipata upara kwa mawazo.

Gereji ya pili ndiyo iliyomuuma. Mwenye gereji alikuwa rafiki wa marehemu, wakiitana ndugu, kwa hiyo kwake yeye akawa Shemeji. "Shemeji, hapa umefika nyumbani. Wewe tulia," akamwambia. Akatulia. Shemeji akahamisha magurudumu, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, akafunga, akaosha mpaka vioo bila kuombwa. Kesho yake Mama Keki yuko njiani na keki ya harusi, usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Akaegesha, akashuka, akagusa gurudumu la mbele. Nati zilikuwa zimefungwa kwa vidole tu, hazikukazwa. Keki ilifika imelala upande, na bibi harusi alilia mpaka wanja ukashuka mashavuni.

Alipomrudia Shemeji hakwenda kugombana. Alitaka kusikia neno moja tu, kwamba samahani, nilisahau. Shemeji akaweka mkono kifuani, akaapa kwa jina la marehemu kwamba alizikaza mwenyewe kwa mkono wake, labda wezi wa nati walipita usiku. Eti wezi wa nati, wanaolegeza halafu wanaziacha palepale! Mama Keki alimtazama mpaka mwanamume akainamisha macho. Hakulia mbele yake. Alilia jikoni akipiga mayai, kwa uchungu wa kusikia mumewe anatiwa kwenye uongo hali hayupo wa kujitetea.

Ya tatu nisikuchoshe nayo. Hao walikaza kwa mashine ya upepo, wakakaza kweli, hata alipopata pancha barabarani spana haikufua dafu. Aliisimamia kwa miguu miwili, akairukia, nati kimya. Dereva wa lori ndiye aliyemwonea huruma akaja na bomba refu la kuongezea spana. Na dereva huyo, huku akifungua, alimweleza mambo ambayo hakuna fundi aliyewahi kumweleza. Kwamba nati hazikazwi kwa kufuata duara, unakaza hii kisha iliyo mkabala wake, kwa msalaba, ili gurudumu likae sawa. Kwamba ukishashusha gari unakaza tena, na ukishatembea kidogo unasimama unakaza mara nyingine. "Hakuna siri hapo, mama," dereva akasema akifuta mikono. Mama Keki alisimama pale akijisikia hasira na furaha kwa pamoja.

Yalikuwa yamemfika shingoni. Akanunua jeki yake, spana ndefu, pampu na kipima upepo, akaanza kushughulikia matairi mwenyewe. Na kumbe alikuwa na jicho. Aligundua kuwa tairi lililolika katikati limezidishiwa upepo, na lililolika kingo zote mbili lina njaa. Alijua kuyapima asubuhi kabla hayajapata moto. Alipitisha kiganja juu ya kila tairi kutafuta msumari au kijiwe, taratibu, na saa hiyo moyo wake ulitulia kuliko saa nyingine yoyote ya juma. Alipenda kwamba kazi hii haikumtaka abembeleze mtu. Ilikuwa kama keki: ikiwa haijaiva, utaichoma kijiti na utaona. "Mimi sijawahi kumwambia mteja kuwa wezi wa hamira walipita usiku," alikuwa akisema, na kisa cha Shemeji kikazunguka mtaa mzima, kila mara kikiwa na viungo vipya.

Sasa mkono wa mwokaji una mazoea yake. Kitu kikinata, hupakwa mafuta. Jumamosi moja nati zilimsumbua, zilikuwa na kutu, zinalia kama mlango mbovu. Mama Keki akaingia jikoni, akatoka na brashi yake na bakuli la mafuta anayopakia sufuria za keki, akazipaka boliti zote, moja baada ya moja, kwa unadhifu uleule. Nati zikateleza mpaka mwisho bila kelele. Akajisifu sana. Hakujua kwamba nati ya gurudumu inatakiwa ishike ikiwa kavu. Ukiipaka mafuta inakudanganya mkononi, na barabara ikianza kuitikisa inaweza kurudi nyuma kidogo kidogo.

Siku ya tatu yake ilikuwa siku ya Bibi. Bibi ni mama yake mzazi, wanaishi pamoja, na jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu mweupe. Hospitali walikuwa wamempangia asubuhi hiyo afike mapema, jicho lisafishwe. Walikuwa wamekaribia nusu ya njia wakati sauti ilipoanza upande wa Bibi, tok, tok, tok, inafuata mwendo wa gari.

"Kitu gani kinagonga?" Bibi akauliza.

"Ni barabara tu, mama. Mbovu."

Alilisema kabla hajalifikiri. Akaendesha mpaka kona iliyofuata huku jasho likimtoka mgongoni, kisha akaegesha, akashuka. Nati moja haikuwapo. Zilizobaki zilizunguka kwa vidole, na vidoleni zikaacha mafuta yenye harufu ya vanila. Akazikaza pale alivyoweza, wakarudi nyumbani kwa mwendo wa kobe. Hospitali wakapigiwa simu, wakakubali kesho yake.

Kaka mtu akafika mchana, uso umemvimba. Akainama, akatazama gurudumu, akatazama pengo la nati, akasimama. "Nani kafunga tairi hili?" Akakunja mikono ya shati. "Nitajie gereji. Naenda sasa hivi, na leo watanitambua."

Jamani, mlango wenyewe ulikuwa wazi. Angetaja gereji yoyote na angeaminiwa. Mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu wote kuamini. Angemtaja hata Shemeji. Na funguo za gari zilikuwa mfukoni mwake, na alijua jibu la kweli lingemfikisha wapi: kaka yake angezichukua, oveni zingepoa, na angebaki kuuza vipande vya keki barazani. Bibi alikuwa ameketi kizingitini, jicho lake zima limemkazia binti yake. Mama Keki akafikiri, kumbe ndivyo neno la uongo lilivyomjia Shemeji pia, jepesi hivi, lilimtoka kabla hajalifikiri. Kwa mara ya kwanza alimwelewa, na kumwelewa hakukumpendeza hata kidogo.

"Mimi," akasema. "Nilipaka boliti mafuta ya sufuria, nikidhani nazisaidia. Na mama aliponiuliza kinachogonga, nikamwambia ni barabara. Nilikuwa najua si barabara."

Kaka yake alikuwa amejiandaa kugombana na watu wa mbali; hakujua aiweke wapi hasira. Mwishowe akanyoosha mkono. "Basi imetosha. Lete funguo. Kesho mama nampeleka mimi."

Mama Keki akazitoa. Hakubisha. Funguo zilikuwa zimeshafika nusu ya njia Bibi aliposema, "Aliyekuwa amekaa juu ya tairi hilo ni mimi. Mbona siulizwi?"

Wote wawili wakageuka.

"Hayo mafuta yanatoka?" Bibi akamuuliza binti yake.

"Yanatoka, mama."

"Yatoe. Nikiona."

Basi akaletewa kigoda, akakiweka karibu na gurudumu kiasi kwamba goti lake liligusa tairi. Mama Keki akafungua magurudumu yote, moja moja, akasugua kila boliti kwa kitambaa na petroli mpaka chuma kikawa kikavu na cheusi. Kaka yake aliondoka kwenda kutafuta nati ya kujazia pengo, akarudi nayo, akasimama amefunga mikono. Kila boliti Bibi aliigusa kwa kidole, akakinusa kidole, ndipo akaruhusu nati irudi. Mara mbili alisema, "Rudia hii." Mama Keki akarudia. Funguo alikuwa ameziweka chini kwenye saruji alipoanza kazi, hakuna aliyeziokota mpaka kazi ilipokwisha, na aliyeziokota ni Bibi.

Kesho yake asubuhi Bibi akampa binti yake funguo, akapanda. Walikuwa hawajafika mbali aliposema, "Simama." Mama Keki akaegesha. Bibi akashuka mwenyewe, akaomba spana, akaitia kwenye nati ya kwanza na kuiegemea kwa uzito wake wote mdogo. Haikusogea. Akaenda ya pili. Magari yalikuwa yanawapita kwa kasi, na Mama Keki alikuwa amesimama pembeni, mikono haina kazi, mtu mzima anayekaguliwa na mama yake hadharani. Bibi alipomaliza gurudumu lile akarudisha spana, akashika mlango.

"Bado matatu, mama," Mama Keki akasema, akampa mkono, wakalizunguka gari pamoja.