Masikio ya Nesi Coletha

Zamani, kabla mashine za kusaga hazijajaa kila kitongoji na kutupigia kelele tangu asubuhi, ulijua nyumba yenye utulivu kwa kusikia kinu chake. Wanawake wawili walitwanga kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda, wa yule ukishuka, wala hawakugongana. Mke mgeni alitwanga na mama mkwe wake, na majirani walikaa kimya nyuma ya ua wa minyaa wakimsikiliza. Hakuna aliyehitaji kumwona. Akipoteza mwendo, akisimama kuvuta pumzi, hukumu ilikwisha kutoka: mvivu. Siku hizi ukimwomba kijana mchi anakuletea ule mdogo wa kupondea kitunguu saumu.

Lakini sikukaa kuandika habari za mchi. Namwandika Coletha binti Silvesta, wa kwetu Ushirombo, kwa sababu hakuna mwingine aliyemwandika, na walioweza kumwandika wengine wamekufa, wengine wanalewa.

Alizaliwa kwa wakulima wa mihogo, akasoma kwa masista, kisha akapelekwa Shinyanga kujifunza uuguzi. Huko alimkuta daktari mzee mwenye amri ya ajabu: mwanafunzi asiweke kipimo cha kusikilizia kwenye kifua cha mgonjwa mpaka awe amechoka kusikiliza wazima. Coletha akasikiliza wapishi, wafagiaji, wachukuzi wa stesheni, na akina mama waliokuja kuuza maziwa. Alituambia kwamba moyo mzima una mapigo mawili, la kwanza zito na refu kidogo, la pili fupi na kavu. Ni milango inayofungwa. Kwanza hufungwa ile iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini, damu isirudi ilikotoka. Kisha hufungwa ile ya mishipa mikubwa inayotoa damu nje. Baada ya pigo la pili kuna kimya, na katika kimya hicho vyumba vya chini vinajaa upya.

Alirudi kwetu miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, akapewa zahanati ya matofali ya kuchoma, akaja na tabia ile ile. Kila aliyeingia alisikilizwa moyo. Mzee mmoja aliyekwenda kutolewa funza alimfokea, "Nesi, funza yuko mguuni, hakai kifuani!"

"Huyo wa mguuni namwona, baba," alijibu. "Yasiyoonekana ndiyo nayasikiliza."

Wala hakumtisha mtu bure. Mtoto mwenye homa au mama mjamzito aweza kuwa na mvumo laini kati ya mapigo, alisema, na moyo wake ukawa mzima kabisa. Aliowaambia hivyo walirudi nyumbani wakicheka.

Sasa nije kwa Nyamizi. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wa ndoa yake na Theonest, mtoto wa Mzee Masele. Theonest alikwenda Rwamgasa kutafuta dhahabu, akamwacha mkewe kwa wazazi. Haukupita msimu, Masele akaniita.

"Mshenga, umetuletea mzigo. Anatwanga kidogo, anakaa chini. Akienda kisimani anarudi anahema kama aliyekimbizwa na fisi. Mama Theonest atatwanga na nani, na ukuta? Anarudi kwao, na ng'ombe wangu warudi."

Nilijua kwao kulivyo. Baba yake angempiga kwa kuondolewa ng'ombe zizini, kisha angemtia jembe mkononi.

"Apimwe kwanza," nikamwambia.

"Apimwe uvivu? Siku hizi uvivu nao una sindano?"

"Mwenzangu, hata ng'ombe humtoi zizini bila kumtazama meno."

Alicheka bila kutaka, akakubali.

Asubuhi tukaenda. Kwa desturi yetu baba mkwe hakai chumba kimoja na mke wa mwanawe, basi Masele nami tukaketi nje chini ya dirisha, tumeugeuzia ukuta migongo. Anisia, mama yake Theonest, akaingia na Nyamizi. Kila neno tulilisikia.

"Lala kwa ubavu wa kushoto," Coletha alisema. "Toa pumzi. Ngoja, usivute kwanza." Kisha akauliza, "Ulipokuwa mdogo uliwahi kuumwa koo, kisha viungo vikavimba?"

"Ndiyo, Nesi. Goti hili lilivimba, likapona, likafuata lile. Wakasema nimekanyaga dawa ya mtu."

"Mama Theonest, weka hivi masikioni."

"Mimi? Mimi sijasoma, Nesi."

"Umetwanga maisha yako yote. Njoo. Tuanze na kifua chako mwenyewe."

Tukasikia Anisia akishtuka. "Yesu na Maria! Nani huyu?"

"Ni wewe, mama. Unasikia nini humo?"

"Wanatwanga wawili. Tu, ta. Tu, ta. Kisha wanapumzika kidogo."

Masele akaninong'oneza, "Ameanza kuota mchana."

"Haya, sasa mkweo," Coletha akasema. "Hapa, chini ya titi la kushoto."

"Wanatwanga hapa pia. Huyu wa kwanza anapiga kwa hasira." Akashusha sauti. "Ngoja. Kuna anayesaga."

"Anasaga wakati gani?"

"Wakati wa kupumzika. Jiwe linanguruma chini chini, halafu wanatwanga tena. Nesi, mbona hawa hawapumziki?"

"Mlango mmoja umekakamaa, haufunguki vizuri. Homa ile ya utotoni iliuachia kovu. Damu inapita kwa kubanwa, ndiyo ngurumo unayoisikia. Akibeba kizito moyo unakimbia, unakosa nafasi ya kujaa, damu inarundikana kwenye mapafu, ndipo anahema. Huyu si mvivu, mama."

"Nyamizi, mwanangu," Anisia alisema, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea, "mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mayu, mama yangu? Hata mimi nilidhani ni uvivu."

Masele akasimama, bado ameligeuzia dirisha mgongo. "Je, anapona? Kama haponi, anarudi kwao."

Anisia akatokeza kichwa dirishani. "Njoo usikilize na wewe."

"Mimi mwanaume nisikilize kinu?"

"Basi nyamaza. Aliyesikia ni mimi. Haendi popote."

Mwanamke wa zamani hakumjibu mumewe hivyo mbele ya mgeni. Masele alinitazama mimi, nami nikatazama viatu vyangu.

Coletha hakuwadanganya. Alisema yeye hawezi kuufungua mlango ule. Atampeleka Mwanza akaonwe na madaktari wakubwa. Yeye atampa dawa ya kupunguza maji mwilini na sindano ya kila mwezi, ile homa isirudi kuongeza kovu. Kinu, ndoo na jembe aviache. Na asibebe mimba kabla hawajamwona.

Masele alinung'unika njia nzima. Lakini ng'ombe hakuwataja tena, siku ile wala nyingine.

Leo wagonjwa wenyewe ndio hawataki kusikilizwa. Mtu anaingia anadai picha na karatasi, ukimwambia avue shati anauliza kwa nini. Sawa, mashine zinaona mengi. Ila sitamwona tena muuguzi anayemkopesha mama wa kijijini masikio yake, na mama yule akaelewa.

Nyamizi alibaki. Alishona, alichambua pamba akiwa ameketi, na kila mwezi Anisia alimsindikiza mwenyewe kuchomwa sindano. Jirani mmoja alimsikia Anisia akitwanga peke yake, jambo ambalo zamani lilikuwa aibu, akapaza sauti toka ng'ambo ya minyaa: "Mama Theonest! Mkweo amekuwa malkia?"

Anisia hakusimamisha mchi. "Anatwanga kukushinda wewe," alijibu, "tena hata akiwa amelala."