Mawe Niliyoyafagia

Nilifunga safari kwa sababu ya aibu. Majirani niliwaambia naenda kumwona mjukuu, na ni kweli, ila mjukuu angeweza kungoja. Kwa miaka ishirini nimetunza makaburi ya Wayahudi hapa Nakuru, kazi niliyoirithi kwa baba. Kila Ijumaa nafagia. Mwaka huu mgeni mmoja alinikuta nikizoa vijiwe juu ya kaburi, akanishika mkono. "Mzee, hizo si takataka. Ndivyo tunavyowakumbuka wafu wetu." Nilikosa pa kuuficha uso. Miaka yote nilidhani ni michezo ya watoto, na vijiwe hivyo nilivitumia kuziba mashimo ya njia pale langoni.

Babake Mama Miriam amelala hapo. Mama mwenyewe, aliyekulia hapa Nakuru, sasa anaishi Toronto, Kanada, anakaribia miaka tisini, na kila mwaka hunipigia simu kuuliza hali ya kaburi. "Safi kabisa, Mama," nilikuwa nikimjibu, tena kwa majivuno. Sasa ilibidi nimwambie ukweli, na jambo kama hilo halisemwi kwa simu.

Toronto, siku ya kwanza. Nilifika miguu imevimba. Binti yangu Wambui, ambaye ni muuguzi, alinipeleka kwake Pickering, mji ulio jirani, akaniandalia chakula, akakimbilia kazini. Mjukuu nilimsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza. Tulielewana kwenye chapati.

Siku ya tatu, asubuhi. Treni hadi mjini, kisha treni ya chini ya ardhi, kisha basi. Theluji ilikuwa imegeuka tope, na viatu vyangu vya Nakuru vililowa maji vyote. Ndani ya treni kila mtu alikuwa amechoka, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilirudia maneno yangu ya kuomba radhi hadi yakaniishia ladha.

Saa tano, ghorofa ya tisa. Mama Miriam alinifungulia mwenyewe, mdogo wa mwili, mkongojo mkononi.

"Karibu, Karanja. Wewe iko choka sana. Kaa, mimi naleta chai."

Kiswahili chake ni kile cha masetla wa Kizungu wa zamani, kilichoundwa kwa kuamrisha, lakini yeye alikisema kwa upole. Aliniambia babake alikuwa akiuzia klabu ya masetla siagi.

"Kila siku baba napita mlango ya jikoni. Mlango ya mbele, Myahudi hapana ingia. Siku ya kuzika yeye, hapana mtu ya klabu nakuja. Sisi tu."

"Baba yangu alipita mlango huo huo," nikasema. "Kabla ya kazi ya makaburi alikuwa akiosha vyombo pale. Ila babako alikuwa na shamba, Mama. Sisi letu lilikuwa limechukuliwa."

"Najua. Mimi nachelewa kujua, lakini najua." Akaweka kikombe chini. "Jiwe yangu iko? Ile mimi naweka mara ya mwisho?"

Ningeweza kudanganya. Hangesafiri tena kwenda kuthibitisha. Nikamwambia yote, hata mashimo ya njia.

Alishika mkongojo, akasimama. "Mimi nachoka, Karanja. Wewe kwenda sasa."

Nilivaa koti, moyo mzito. Nikiwa mlangoni aliniita. Alikuwa amechopoa jiwe kwenye chungu cha maua, bado lina udongo. Akalitia kiganjani mwangu, akakifumba kwa mikono yake miwili.

"Peleka. Na wewe hapana fagia."

Nakuru, Ijumaa. Nilichojifunza hakihitaji tiketi ya ndege, lakini mimi ni mzito wa kuelewa. Klabu ilimnyima mtu yule mlango; mimi, kwa usafi wangu, nikamnyima jiwe. Ufagio niliuacha nyumbani. Nililiweka jiwe la Toronto juu ya kaburi, kisha nikaenda langoni, nikapiga magoti njiani na kuanza kuyachimbua yale mengine, moja moja, nisijue lipi ni la nani.